Jembe la meno la Kibuye laiweza sangari

Jembe hili la meno matatu nimelinunua kwa mafundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, maana uwanja niliotaka kupanda sukuma, kunde na mrenda ulikuwa sangari tupu, lile gugu sugu la jamii ya nyasi. Jembe la kawaida huikata mizizi vipande vipande, na kila kipande chenye kifundo huchipua upya. Meno haya huzama chini yake na kuing'oa mizima, myeupe, mirefu kama kamba. Unakung'uta udongo, unaianika juani mpaka ikauke kau. Kwenye mboji usithubutu kuitia ikiwa mbichi!

Chuma ni kizito na hakijapinda hata kwenye udongo wetu mweusi, ambao ukikauka ni mawe na ukilowa ni gundi. Subirini mvua kidogo ndipo mlime.

Mpini ndio sikuupenda: haukupigwa msasa, na kabari ikalegea mapema. Fundi alinigongea nyingine bila kudai hata ndururu. Bei ni ya kupatana, kwa hivyo mwache yeye aitaje kwanza.