Ganda tupu au risasi nzima?

Vyote viwili hulia sawa kwenye kifaa cha kutafutia metali, na vikitoka udongoni na kutu ya kijani hufanana mno.

Ganda tupu mdomo wake uko wazi, na kwenye kitako, katikati ya fataki (kidude kinachowasha baruti), kuna kibonyeo kilichoachwa na pini ya bunduki. Hapo kitako ndicho cha kusoma. Ganda la .303, risasi ya bunduki za jeshi la Uingereza, lina ukingo uliotokeza. La Mauser 7.92, risasi ya bunduki za Kijerumani, halina, bali lina mfereji kuzunguka kitako. Alama "VII" kwenye .303 ni toleo la saba, lililoanza kutumika mwaka 1910, na mara nyingi tarakimu za mwaka wa kutengenezwa ziko pembeni yake.

Risasi nzima bado ina kichwa. Kibonyeo kisikudanganye: fataki inaweza kugongwa isiwake, na baruti ikabaki ndani. Usiisugue, usiigonge, usiichome. Iache ilipo, weka alama mahali hapo, waite polisi. Nasisitiza hili kwa sababu miaka mingi ardhini haiizimi baruti.

Kwa mkusanyaji, ganda tupu lina historia yote anayoihitaji.