Kijitabu cha mpiga kura cha California: kianze nyuma, usikianze mbele

Wapiga kura wa California hupelekewa kwa posta, bila malipo, kijitabu rasmi kinachoeleza mapendekezo yatakayoamuliwa kwa kura. Hapa tunalipima toleo la Novemba 1996, lililobeba Pendekezo la 209. Pendekezo hilo lililenga kufuta hatua za usawazishaji, yaani mipango ya kuwafungulia wanawake na jamii zilizobaguliwa milango ya vyuo vya umma, ajira na zabuni za serikali.

Kasoro kubwa iko mlangoni. Kichwa na muhtasari huandikwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na mwaka ule Dan Lungren hakuzitaja hatua hizo kwa jina lake. Alifuata maneno ya pendekezo lenyewe: ni marufuku kubagua au kutoa upendeleo kwa rangi au jinsia. Nani atakataa kupiga marufuku ubaguzi? Waliozitetea walikwenda mahakamani, lakini mahakama ya rufaa ikauacha muhtasari ulivyo. Neno upendeleo hutoa hukumu kabla ya ushahidi, na sisi tunaoziita hatua hizi "upendeleo chanya" kwa Kiswahili tunawarahisishia kazi wanaotaka kuzifuta. Pendekezo lilipita kwa karibu asilimia 55. Mwaka uliofuata, wapiga kura wa Houston, jimbo la Texas, walipoletewa pendekezo kama hilo, uongozi wa jiji uliandika swali upya, ukauliza waziwazi kama hatua hizo zikomeshwe. Wapiga kura walikataa, ingawa baadaye jaji aliibatilisha kura hiyo kwa sababu ya mabadiliko yale.

Sehemu bora ni uchambuzi wa Mchambuzi wa Bunge, ofisi isiyoegemea chama. Huko ndiko msomaji anakuta vitu halisi vitakavyoguswa: ushauri kwa wanafunzi, masomo ya ziada, misaada ya ada. Kurasa za hoja zisomwe kwa tahadhari. Kila upande hupewa maneno 500, na majibu maneno 250, na kijitabu chenyewe kinakiri kwamba hakuna ofisi iliyohakiki ukweli wa hoja hizo.

Kwa hiyo anza na matini kamili ya sheria, mwishoni mwa kijitabu. Katika 209 tafuta kifungu cha (c), kinachoruhusu sifa za kazi zinazotegemea jinsia pale zinapohitajika. Watetezi wa wanawake walionya kwamba kingepunguza kinga yao. Kisha soma uchambuzi, halafu majibu ya hoja. Kichwa kiwe cha mwisho.

Anayetaka kuzitetea hatua hizi asingoje kampeni. Rasimu ya kijitabu huwekwa wazi kwa umma siku 20 kabla ya kuchapwa, na ndani ya siku hizo mtu anaweza kuomba mahakama irekebishe maneno. Wakili na maneno mbadala viwe tayari kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu kosa likishachapwa linaingia nyumba kwa nyumba.

Gharama ya Pendekezo la 209 ilionekana UCLA, chuo kikuu cha umma cha Los Angeles, mwaka 2006: wanafunzi weusi 96 tu miongoni mwa karibu 5,000 wa mwaka wa kwanza. Pendekezo la 16 la mwaka 2020 lilitaka kuifuta 209, lakini kichwa chake kilizungumzia "utofauti" tu, na safari hii ukungu wa maneno uliwaumiza watetezi wenyewe. Wapiga kura asilimia 57 walisema hapana.