Chai ya alfajiri au kahawa ya barazani?

Chai ya maziwa naipika mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi: tangawizi ya kuponda, iliki mbili, majani yachemke mpaka rangi ikolee. Nyumba kimya, simu nimeiacha chumbani. Kikombe hakijaisha, kazi za siku nimeshazipanga.

Kahawa ya jioni haina mpango. Muuzaji anagonganisha vikombe, dele liko juu ya makaa, kashata ya karanga mkononi, na ubishi wa Simba na Yanga umeshapamba moto. Raha yake ni watu. Ila kafeini haina haraka: baada ya muda wa saa tano hivi tangu unywe, karibu nusu yake bado imo mwilini. Nikinywa baada ya isha, usiku nahesabu boriti.

Siku za kazi nashika chai. Ijumaa kahawa, tena vikombe vitatu.