Cubic na flashi za wateja wangu wa msimu wa korosho

Nina kibanda cha steshenari Chikongola, Mtwara mjini. Tangu Windows 10 iachwe kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta kuukuu zinaniingilia mfululizo, na nyingi Windows 11 inazikataa kwa kukosa TPM 2.0 (chipu ya usalama). Wenyewe ni walimu na makarani wa vyama vya msingi vya korosho kutoka Newala na Tandahimba. Watu hao hawana siku nzima ya kukaa benchi wakisubiri nipige mfumo. Wanataka flashi, wakaingize wenyewe huko huko.

Ndipo nikaikamata Cubic. Ni programu ya bure ya kurekebisha mfumo kabla ya kuuingiza, inakaa ndani ya Ubuntu au Mint, mifumo ya Linux inayoshika nafasi ya Windows. Unaipa faili la ISO la asili, yaani faili moja lililobeba mfumo mzima (mimi nilichukua Linux Mint 22 Xfce), inalifungua kwenye folda, kisha inakupa terminali ambayo kila amri unayoandika inaibadilisha ile ISO, mashine yako haiguswi. Niliondoa Thunderbird na Transmission, nikaweka VLC, kodeki za video na draiva za printa za Epson. Mtu wa Kitangari asiunguze bando ili tu achape barua.

Utamu wenyewe uko kwenye folda ya /etc/skel. Chochote ukiweka humo, kila mtumiaji mpya anakikuta kwake. Nikaweka faili la SOMA KWANZA kwenye desktopu, limeandikwa Kiswahili, na onyo kwa herufi kubwa: ukichagua kufuta diski, picha za harusi zimekwenda.

Humo humo ndimo nilipoumbuka. Kwa uvivu nilinakili folda yangu ya nyumbani nzima nikaitumbukiza, nikasahau kwamba imebeba na ya Firefox. Mteja wa kwanza, karani mmoja mtaratibu sana, alifungua kivinjari akanitazama: "Fundi, hii barua pepe ya nani?" Ilikuwa yangu, na nywila zimo. Nilibadilisha nywila zote usiku ule. Sasa nahamisha faili moja moja, na kila ISO naijaribu kwanza kwenye VirtualBox, kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu yangu, kabla haijatoka kibandani.

Kubana faili mwishoni kunachosha. Ukichagua mbinu ya kubana iitwayo xz linatoka dogo, ila laptopu yangu inahema kama imepanda uwanda wa juu wa Makonde kwa miguu. Umeme umenikatikia mara mbili katikati, betri imeshakufa, nikaanza upya hatua hiyo.

Kwenye flashi naweka Ventoy, programu inayoiwezesha kompyuta kuwaka kwa ISO iliyomo, halafu ISO nainakili kama ninavyonakili wimbo. Shida ni mashine zenye Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo kabla haujawaka: mara ya kwanza inatokea skrini ya buluu inayotaka uidhinishe ufunguo. Mwalimu mmoja wa Mikindani alinipigia saa tatu usiku akidhani ameua kompyuta ya shule. Tangu hapo nampa kila mteja karatasi yenye picha ya skrini ile.

Naipa Cubic nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ISO mpya ya Mint ikitoka, mabadiliko yako hayahami nayo, unarudia kazi tangu mwanzo. Amri zangu zote sasa nimeziandika kurasa za nyuma za daftari la madeni.