Kwenda ekonomi, kurudi kitandani: Singapore Airlines, Singapore hadi Joburg

Niseme mapema, mimi si mtu wa bizinesi klasi. Nauza spea za magari pale soko la Kisekka, Kampala, na kila nikikata tiketi nahesabu kwa giaboksi, yaani hii tofauti ya bei ingenipa giaboksi ngapi za Noah? Ndo maana miaka yote nimekaa nyuma na magoti yangu, wale wa mbele nikawa nawaona kama watu wasiojua uchungu wa pesa. Safari hii nimekaa mbele, mara moja tu na upande mmoja tu, na wenzangu wa biashara nataka mjue ni upande gani.

Watu wananiuliza mbona Singapore wakati wote wako Dubai na Guangzhou. Sikiliza, kule gari halizeeki mkononi, ukinunua unalipia na kibali cha miaka 10, kikiisha ama ulipe tena pesa ya kutisha ama uliondoe barabarani, sasa fikiria injini iliyotembea miaka 10 kwenye lami isiyo na shimo, ukiishusha Kampala si ni mpya hiyo. Wengi hupitia Dubai, Doha ama Addis. Mimi nilizungukia Joburg kwa sababu kuna jamaa huko alikuwa na pesa yangu, na pesa kama hiyo usipoifuata mwenyewe haiji.

Ejenti wangu wa tiketi (jina naliacha, bado tunadaiana) alikataa katakata kwamba tiketi moja inaweza kuwa ekonomi kwenda na bizinesi kurudi. Eti sistimu inakataa. Nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki, nikaagiza chai, nikamwambia mimi leo sina haraka. Sistimu ikakubali. Kwa hiyo inawezekana, msidanganywe.

Kwenda sina mengi. Ndege inaondoka Joburg mchana, unaangalia filamu, unasinzia, unakula, masaa kumi na ushee unavuka bahari ya Hindi yote, mwisho unatua kule alfajiri. Singapore wako mbele yetu masaa matano, kwa hiyo wao wanasema saa kumi na mbili asubuhi, mwili wangu unasema ni saa saba usiku wa Kampala. Sasa hapo hata ungelipa kitanda ungelala saa ngapi, wakati jua lilikuwa bado liko dirishani? Na msisahau cheti cha homa ya manjano, sisi wa Uganda lazima tukionyeshe, kiwekeni ndani ya pasipoti kabisa.

Kurudi ndo kwenyewe. Ndege ya kurudi inaondoka baada ya saa saba usiku. Siku nzima nilikuwa kwenye yadi za magari, napanda juu ya injini, nagombania bei, hoteli nilishatoka asubuhi, nanuka oili mpaka mimi mwenyewe najisikia. Tiketi ya bizinesi ikanifungulia lonji ya SilverKris, chumba cha kupumzikia cha Singapore Airlines wenyewe pale uwanja wa Changi, na kumbe ndani kuna bafu! Maji yaliyotoka mwilini mwangu yalikuwa na rangi ya chai kavu, wallahi. Nikatoka na shati safi, nikala bakuli moja la laksa, tambi kwenye mchuzi wa nazi na pilipili, nikahisi mimi ni binadamu tena. Kama ningeambiwa nilipie bafu peke yake usiku ule ningelipa.

Ndege ni Airbus A350-900, mbele viti 42 tu, vimepangwa kimoja, viwili, kimoja, yaani hakuna wa kurukwa ukitaka kwenda chooni. Kuna ndege nyingine niliwahi kupita ndani yake, shirika silitaji, huko bizinesi yenyewe wa dirishani anamruka wa kando kama anavuka mtaro wa Nakivubo. Na hewa ya ndani ya hii A350 inabanwa isizidi kama uko futi 6,000, hapo ni chini kidogo ya Kabale, mji wetu wa milimani, ndege za zamani hufika 8,000. Sijui kama ni hiyo au ni lile bafu lakini kichwa hakikuniuma.

Sasa kitanda. Nilibonyeza kila kitufe, kiti kikarudi nyuma nusu kikagoma, nikabonyeza tena, kikarudi mbele, jasho likaanza. Ng'ambo ya njia kulikuwa na mama mmoja Mhindi wa Durban, mtu mzima, ananitazama juu ya miwani. "Mwanangu, simama kwanza." Nikasimama. Akavuta kamba fulani pale juu, mgongo wa kiti chote ukaangukia mbele, puu, na nyuma yake ndo kuna godoro limeshatandikwa! Yaani unalalia mgongo wa kiti. Mhudumu akaja mbio kutaka kusaidia, mama akampungia mkono, "tumeshamaliza." Urefu ni inchi 78 lakini miguu inaingia kwenye kijishimo cha pembeni, unalala mshazari kama mkungu wa matooke juu ya baisikeli, kwa hiyo lala ubavu, usilale chali.

Chakula unaweza kuagiza mapema, masaa 24 kabla, wanaita Book the Cook. Mimi na tamaa yangu nikaagiza kambakoche wa jibini. Satay ikaja kwanza, mishikaki midogo na mchuzi wa karanga, kuonja tu nikasema hii ni binyebwa yetu ya Uganda iliyosafiri, nikamaliza yote. Halafu kambakoche, mtamu kweli, lakini jamani jibini saa nane za usiku! Kosa ni langu. Hiyo saa nzima ya kula nilikuwa nalipia kitanda cha kukalia. Agizeni kitu chepesi, ama laleni tu.

Nikalala masaa sita bila kugeuka. Joburg alfajiri, nikaunganisha Entebbe, nikalipa ile shilingi 5,000 ya barabara ya ekspresi ya Entebbe nikaenda moja kwa moja dukani, nikauza hadi tukafunga. Safari nyingine zote siku ya kurudi huwa ni ya kulala na kugombana na watu.

Nyumbani mke wangu akaniangalia. Mbona hujachoka? Nikampa slipa na soksi za ndege, zawadi. Akazigeuza, akauliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia wanagawa bure.