Losartani baada ya enalaprili: maoni ya mtumiaji

Losartani, dawa yangu ya presha, naipa alama za juu. Kabla yake daktari aliniandikia enalaprili. Presha ilishuka vizuri, lakini kikohozi kikavu kilininyima usingizi: koo linawasha, unakohoa mpaka mbavu zinauma, na makohozi hakuna.

Nilipobadilishiwa dawa nilielezwa sababu, na maelezo hayo ndiyo yaliyonivutia. Mwilini mna peptidi iitwayo angiotensini II, mnyororo mfupi wa asidi amino 8 tu. Ikishika kipokezi chake (sehemu ya seli inayopokea ishara yake) kwenye misuli ya mshipa wa damu, mshipa unabana na presha inapanda. Enalaprili huzuia kimeng'enya, yaani protini ya kuharakisha kazi za kikemikali mwilini, kinachoitengeneza. Shida ni kwamba kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunja bradikinini, peptidi nyingine ambayo hutanua mishipa. Kikizuiwa, bradikinini hurundikana, na baadhi yetu tunaambulia kikohozi. Losartani haigusi kimeng'enya. Inakaa kwenye kipokezi chenyewe, kama ufunguo usiofungua uliowahi tundu la kufuli. Angiotensini inafika, inakuta pamezibwa. Kazi safi kabisa!

Kikohozi kimekwisha, presha imetulia. Kizunguzungu kidogo nikiinuka ghafla, basi.

Ninachokosoa ni kikaratasi cha ndani: herufi ndogo mno, na onyo kwa wajawazito limefichwa katikati wakati dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lingekaa juu ya boksi. Kipimo cha figo na potasiamu pia msikiruke. Na wenye kikohozi kama changu, muulizeni daktari kabla ya kuacha vidonge.