Kulala Wae Rebo, Flores: panafaa, ila miguu iwe tayari

Kijiji hiki cha Wamanggarai, watu wa kisiwa cha Flores nchini Indonesia, kina nyumba saba za mbaru niang: msonge mrefu wa nyasi na nyuzi za mti wa jamii ya mtende, paa likishuka karibu kugusa ardhi, ndani ghorofa tano. Ukarabati wake ulituzwa na UNESCO mwaka 2012.

Gari haifiki. Ukitoka mji wa bandari wa Labuan Bajo alfajiri, unafika kijiji cha Denge mchana. Hapo bodaboda hadi barabara inapokwisha, kisha saa mbili au tatu za kupanda. Msimu wa mvua njia huteleza na ruba huingia viatuni, hivyo vaa soksi ndefu, suruali uichomekee ndani.

Kamera ibaki mkobani mpaka mzee amalize waelu'u, dua ya kuwaarifu mababu kuwa wageni wamefika. Mnalala pamoja kwa duara, kwa hiyo faragha msahau. Chakula ni wali, mboga na yai au kuku. Kahawa, iliyolimwa hapohapo, ndiyo bora kuliko vyote. Kijiji kipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Bila sweta utatetemeka usiku kucha. Rupia chukua taslimu Labuan Bajo au mji wa Ruteng, maana juu hakuna benki wala mtandao.